Makangaga ya Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nyuma ya nyumba ya mama, Unyambwa, kuna majabali mawili makubwa yaliyoegemeana, na katikati yake maji hutoka mwaka mzima. Si chemchemi ya kujivunia. Kiangazi unaweza kutega kikombe pale, ukaenda kuosha vyombo vyote vya nyumbani, ukarudi ukakuta hakijajaa. Lakini kwa Singida, ambako upepo wa Agosti hukausha hata mate mdomoni, unyevu huo mdogo umetosha kuotesha kichaka kizima: mikuyu miwili, mizambarau, migomba ambayo haizai vizuri kwa kukosa jua, na chini yake, kwenye kivuli kisichokauka, makangaga.

Mama alipaita bustani. Sisi watoto tulipaita bondeni, ingawa ni hatua arobaini tu kutoka mlango wa jikoni.

Nilirudi kuishi pale baada ya kustaafu ualimu. Mama alikuwa ameshafariki, na dada yangu mkubwa, mjane, ndiye aliyekuwa akiitunza nyumba. Nilikuwa nimefundisha biolojia sekondari katika mikoa mitatu, na kila mwaka nilifika kwenye ile sura ya mimea isiyotoa maua, nikachora kangaga ubaoni kwa chaki, nikaandika mishale, nikafuta. Sikumbuki hata siku moja niliyomshikisha mwanafunzi kangaga lenyewe. Kule nilikofundisha kulikuwa kukavu, au ndivyo nilivyojitetea. Basi asubuhi moja, wiki ya kwanza tu baada ya kurudi, nilishuka bondeni kukata majani ya mgomba, nikajikuta nimesimama katikati ya mimea niliyoichora maisha yangu yote bila kuujua hata mmoja.

Nilianza na daftari la kurasa za mistari, la watoto wa shule. Sikuwa na majina, kwa hiyo niliipa mimea majina yangu mwenyewe. Juu ya mwamba, mahali pakavu, kulikuwa na vidogo vyenye umbo la kipepeo cha kuchochea mkaa, nikaviita vipepeo. Katika nyufa zinazochuruzika kulikuwa na vyenye vikonyo vyeusi vinavyong'aa, vyembamba mno; nikaviita nywele. Na pembeni mwa maji, pale udongo unapobonyea ukikanyaga, yaliota makubwa yanayofika kiunoni, majani yamechanwachanwa kama unyoya wa kuku. Haya yalinisumbua, kwa sababu nilipoyaangalia vizuri niligundua ni aina mbili zilizochanganyikana, na ukiwa umesimama wima huwezi kuzitofautisha.

Niliingia kwenye kundi moja la wapenda mimea kwenye simu, na humo nikapata mwalimu wangu, mwanamke mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi mkoa mwingine, mbali sana na kwetu. Hatujawahi kuonana. Nilimtumia picha, naye alinijibu kwa sauti, kwa ukali wa mtu aliyezoea kusahihisha. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Geuza jani. Usiniambie kitu chochote kuhusu kangaga kabla hujageuza jani."

Chini ya jani ndiko mambo yote yaliko. Kangaga halina ua wala mbegu. Lina vidoa vya kahawia vilivyobeba vumbi lake la uzazi, na mpangilio wa vidoa hivyo ndio kitambulisho. Mengine yanavyo ukingoni, kama pindo la kanga. Mengine vimepangwa safu mbili kama vifungo. Yale makubwa mawili yote yalikuwa na vidoa vya duara, na hapo ikabidi nijifunze zaidi: moja lina vinyweleo laini ambavyo huvioni kwa macho, lakini ukipitisha jani mdomoni unavihisi, na shina lake hutambaa chini ya udongo, jembamba kama kamba ya viatu. La pili halina vinyweleo. Shina lake ni kisiki kinene kama kifundo cha mkono, kimefunikwa na magamba ya rangi ya maganda ya kitunguu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa bondeni kila asubuhi na daftari langu, na glasi ya kukuzia niliyoichukua kwenye kabati la shule nikiaga. Kijijini walisema mwalimu amestaafu na akili nayo imestaafu.

Dada hakunicheka. Mara nyingine alikuja akakaa kwenye jiwe, ameshika ungo wake wa mtama, akachambua huku akinitazama. Alikuwa mrefu kuliko sisi sote, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kuongea kwa sauti ya juu hata jikoni. Miezi ile alikuwa amekonda. Niliona gauni limemlegea mabegani. Ilikuwa Kwaresima, nikadhani ni kufunga.

Siku moja nilikuwa nimepiga magoti, ninapanga majani ndani ya gazeti ili yakauke yakiwa yamenyooka, aliponiita kutoka upande wa pili wa maji.

"Mwalimu."

Aliniita hivyo kwa utani. Mimi ni mdogo wake.

"Naam, dada."

"Hili hapa ndilo alilokuwa anachimba mama, siyo?"

Nilijua mara moja anazungumzia nini. Tulipokuwa wadogo watu walikuja kwa mama wakiwa na matatizo ya tumbo. Mama hakuwa mganga, hakudai kitu, lakini alijua dawa moja ya minyoo aliyofundishwa na mama yake. Mtu akija, mama alichukua jembe dogo akashuka bondeni. Sisi wawili tulimfuata, tukajificha nyuma ya mkuyu. Tulimwona amepiga magoti katikati ya makangaga, ametupa mgongo, anachimba. Kisha nyumba nzima ilinuka uchungu, nasi tulifukuzwa tukacheze mbali.

Niliinua macho. Dada alikuwa ameshika jani moja kubwa kwa mkono wa kushoto. Kati yetu palikuwa na hatua kumi hivi na maji. Jua lilikuwa linanipiga usoni kupitia matawi.

"Ndiyo," nikasema. "Ndilo hilo."

"Una hakika?"

"Dada, kati yako na mimi mwalimu nani?"

Akacheka. Nami nikarudi kwenye gazeti langu. Sikumuuliza anauliza kwa nini. Nilifurahi tu kwamba kuna mtu nyumbani aliyependezwa na kazi yangu.

Siku ya tatu yake nilikwenda mjini kufuatilia karatasi za pensheni. Nilirudi mchana, saa saba hivi. Kuku walikuwa wameingia jikoni wanadonoa unga, jambo ambalo dada asingeliruhusu. Nikamwita. Akaitikia kutoka chumbani, sauti ndogo. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, beseni mbele yake. Alikuwa ametapika mpaka hakuna cha kutapika tena. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Dada, nini?"

Aligeuza uso upande niliko, lakini macho yake yalinipita pembeni.

"Mbona umefunga madirisha?" akaniuliza.

Madirisha yote mawili yalikuwa wazi. Jua la saa saba lilikuwa limejaa chumbani, hata vumbi lililokuwa likielea ningeweza kulihesabu.

Sikumbuki vizuri nilivyompata mwenye bajaji. Ninakumbuka dada alivyonishika mkono njiani, kucha zake ndani ya nyama yangu, na kila bajaji ilipopita kwenye bonde la barabara alisema, "Yesu wangu," bila kupandisha sauti. Hospitali walimpokea haraka. Daktari alikuwa kijana, mwenye upole, akauliza maswali yake mfululizo: lini ameanza, amekula nini, ametumia dawa gani. Dada alipapasa shuka. Daktari akarudia.

"Mama yangu, hapa hakuna wa kukulaumu. Nisaidie nikusaidie."

Dada akageuza uso ukutani.

"Mzizi," akasema. "Nimechemsha mzizi."

"Wa kutibu nini?"

"Tegu. Nina tegu. Tangu mwaka jana wanatoka vipande vipande."

Ndipo nilipojua. Tulikuwa tunalala nyumba moja, tunakula chungu kimoja, na mwaka mzima dada yangu alikuwa akifua nguo zake za ndani kabla sijaamka.

"Mbona hukwenda zahanati?" nikamuuliza, na nilipolisema tu nilitamani ningelimeza. Muuguzi wa zahanati yetu ni mkwe wetu, ameolewa na mtoto wa kaka. Dada ni mama mkwe kwake. Angemwambia nini binti yule? Angeanzia wapi?

Daktari ndiye aliyenigeukia. "Ni mzizi wa nini? Ninahitaji kujua ni mmea gani. Unaweza kuupata?"

Nikasema ninaweza. Nilirudi na bajaji ileile.

Jikoni nilikuta sufuria imeoshwa na kufunikwa. Dada ni msafi hata akiwa anakufa. Lakini nyuma ya jiko, kwenye shimo la takataka, palikuwa na majani mawili makubwa yaliyonyauka na vipande vya kisiki alivyovikata. Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya viazi na majivu, nikachukua jani, nikaligeuza. Vidoa vya duara, safu mbili. Nikalipitisha mdomoni. Halikuwa na vinyweleo. Nikachukua kile kisiki. Magamba ya rangi ya kitunguu yalibaki vidoleni mwangu.

Nilipiga picha; mbili za kwanza hazikufaa. Nikamtumia yule mtaalamu, nikampigia kabla hata hajajibu. Nilimweleza kwa sentensi tatu. Akasema, na safari hii hakuwa mkali, "Hili ni lile lenye kisiki. Zamani watu wa nchi nyingi walilitumia kwa minyoo, na wengi wakalijutia. Linaharibu macho. Mpigie daktari sasa hivi, mwambie hivyo, nami ninakutumia jina lake kamili umwoneshe. Nenda."

Kisha akauliza, "Nani alimwambia kwamba ndilo?"

Nikasema, "Mimi."

Nikakata simu.

Siku nne za mwanzo hazikuwa na maelezo marefu. Dada alilala kwenye kitanda cha dirishani, amewekewa maji ya mshipani, amefungwa kitambaa machoni kwa sababu mwanga ulimuumiza ingawa hakuona kitu ndani ya mwanga huo. Daktari wa macho alikuja, akamulika, akaandika, akasema tusubiri. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nikamlisha uji. Alinywa alichopewa. Nilimsomea Zaburi alipotaka. Hatukuzungumzia bondeni.

Siku ya tatu shangazi alifika kutoka Mungaa. Ni mdogo wa baba, na ndiye pekee aliyebaki wa rika la mama. Alikuwa mtu wa nyumbani kwetu tangu siku mama alipoolewa. Waliteka maji pamoja, walilima pamoja. Alikuja amejifunga kanga mbili, na kibuyu cha maziwa mgando ambacho muuguzi alimkatalia kuingia nacho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Alikaa pembeni ya kitanda, akamshika dada miguu, akamsemesha kwa Kinyaturu, taratibu, maneno ambayo mtu husemeshwa akiwa mtoto mwenye homa. Dada akalia kwa mara ya kwanza. Nilitoka nje.

Baadaye shangazi alinikuta kwenye benchi la ukumbini. Nilikuwa na gazeti langu mkobani, lenye majani ya aina zote mbili, kwa kuwa daktari aliyataka. Nikalifungua juu ya magoti yake.

"Shangazi, nioneshe. Mama alikuwa anachimba lipi? Hili, au hili?"

Aliyatazama. Akayasukuma kando kwa kidole.

"Hakuchimba hata moja."

"Tulimwona, shangazi. Mimi na dada tulikuwa tunajificha, tunamwona kabisa yuko kwenye makangaga."

"Mlimwona mgongo," akasema shangazi. "Mama yenu alikuwa anachimba mzizi wa mti. Kuna mti pale karibu na jabali la chini, mwembamba, gome jeusi." Akautaja kwa Kinyaturu. "Umezungukwa na hayo madudu. Alikuwa anayasogeza apate njia, na kila mara analalamika kwamba yanamjaa. Nilikuwa naye mara ngapi! Mwanangu, haya hata mbuzi hawali."

Nilibaki nimeyatazama yale majani. Nilikuwa nimebeba picha ile ya mama kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilikuwa nimewasimulia wanafunzi wangu, darasa baada ya darasa, kwamba bibi zetu walijua matumizi ya makangaga. Nilimtaja mama yangu kama mfano. Hakuna hata siku moja niliyofikiria kwamba kutoka nyuma ya mkuyu watoto wawili hawawezi kuona mikono ya mtu aliyewapa mgongo.

"Na ule mti," nikauliza, "bado upo?"

"Nitajuaje mimi? Nyumba ni yenu."

Siku ya tano jicho la kulia lilianza kuona vivuli. Siku ya nane dada aliniambia shati langu ni la bluu, na lilikuwa la kijani, lakini muuguzi alipiga makofi. La kushoto halikurudi vile. Mpaka leo anasema kwa jicho hilo anaona kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafuni: umbo lipo, uso haupo. Tegu naye alitibiwa palepale, kwa vidonge vya kumeza, akaisha. Muuguzi aliyempa vidonge hivyo hakuuliza swali hata moja. Niliona dada anamtazama kwa jicho lile moja kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kuelewa kitu.

Kabla dada hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kaka alikuja kutoka Ihanja na vibarua wawili, mapanga na majembe. Nilipopita nyumbani nilimkuta amesimama mlango wa jikoni, ameshakunja suruali.

"Ninafyeka bondeni lote," akasema. "Mikuyu nitaacha. Vingine vyote chini."

"Kaka, subiri."

"Nisubiri nini? Upofu wa pili?"

Sikuwa na haki ya kubishana naye, na alijua. Lakini nilimwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba akifyeka juu, visiki vitabaki udongoni na vitaota tena mvua ikinyesha, na hapo itakuwa vigumu zaidi kuvitambua kwa sababu machipukizi yote hufanana. Nikamwambia anipe wiki moja, nitang'oa lile moja mwenyewe, mzizi na yote.

"Wewe?" akasema. "Wewe ndiye utatuambia lipi ni lipi?"

Vibarua walitazama chini. Kaka alisimama pale, akipigapiga bapa la panga kwenye paja. Mwishowe akaketi kwenye ngazi ya jikoni. Alikuwa amechoka, alikuwa ametoka kupalilia alizeti akaacha shamba nusu.

"Wiki moja," akasema. "Nikirudi nikikuta hata moja, ninachoma moto."

Nilifanya kazi ile peke yangu. Sikutumia glavu. Nilianza juu kwenye mwamba nikashuka, nikageuza kila jani, hata yale niliyoyajua kabisa, hata vipepeo na nywele ambavyo mtoto asingevikosea. Kila kisiki chenye magamba nilikichimba, nikakiweka juani kwenye turubai kikauke, kisha nikakichoma. Vilikuwa vingi kuliko nilivyoandika daftarini. Kumbe nilikuwa nimeandika nusu ya vile kama aina nyingine, kwa kuwa nilikuwa navihesabu nikiwa nimesimama. Kurasa sita za daftari lile zilikuwa na makosa. Nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama nilivyofanya kwa madaftari ya wengine. Ilikuwa kazi ya mgongo na ya aibu, na katikati yake, siku ya nne, karibu na jabali la chini, niliukuta ule mti. Ulikuwa umekauka zamani. Gome lilibanduka mkononi kama mkate mkavu.

Dada alirudi nyumbani akiwa na miwani myeusi na fimbo ambayo aliiegemeza ukutani siku ya kwanza na hakuigusa tena. Alijifunza upya kumimina chai, kwa sababu jicho moja halikwambii kikombe kiko umbali gani. Alikataa nimsaidie. Nilikuwa nikisikia chai ikimwagika mezani, nikabaki chumbani kwangu nikingoja aniite, na hakuniita.

Wiki nyingi zilipita hivyo. Tulisalimiana, tukala, tukasali. Siku moja tulikuwa tunapepeta mtama uani, akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Uliniambia ndiyo."

"Nilikuambia ndiyo."

"Ulikuwa na hakika?"

Ningeweza kumweleza habari za jua usoni na hatua kumi na maji. "Hapana," nikasema.

"Basi ungesema hujui. Mimi ningekaa na tegu wangu."

Aliendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yanamwangukia miguuni. Nilitaka kumwambia kwamba naye angeniambia anaumwa, na neno lilishafika kooni. Nikaliacha huko.

"Nisamehe, dada."

"Nimeshakusamehe hospitali," akasema. "Lakini nimekasirika. Sijui nitakasirika mpaka lini. Usiniharakishe."

Nikamwambia sitamharakisha.

Habari zilisambaa kama zinavyosambaa, kichwa chini miguu juu. Watu hawakusikia kwamba dada amepoteza jicho kwa mzizi. Walisikia kwamba alikuwa na tegu, akanywa dawa ya bondeni kwa mama, akapona. Hayo ya macho walisema ni presha. Mvua za kwanza zilipoanza, mwanamke mmoja nisiyemfahamu alikuja kwa miguu, akabisha hodi, akakaa ukumbini na mtandio umefunika nusu ya uso. Alizungukazunguka sana, mvua, mbegu, bei ya kuku, kisha akasema ametumwa na mtu mwenye shida ya tumbo, kwamba amesikia hapa kuna jani.

"Hakuna jani," nikamwambia. "Nenda hospitali. Wana vidonge, vinafanya kazi."

Alinitazama kama mtu anayetazama mchoyo. Niliujua mtazamo ule. Nilijua pia kwamba akitoka pale bila kuridhika atakwenda kuchimba kitu mahali pengine, chini ya jabali jingine, kwa kuelekezwa na mtu mwingine mwenye hakika.

Hapo dada akatoka chumbani. Alipapasa kiti, akakaa karibu kabisa na yule mwanamke, akavua miwani.

"Nitazame," akamwambia. "Jicho hili. Nitazame vizuri."

Akamweleza yote. Alimweleza habari za vipande, kwa jina lake, kwa sauti yake ileile ya kwaya, mlango wa mbele ukiwa wazi na watu wakipita njiani. Alimweleza alivyofua kwa kujificha, alivyochimba, alivyochemsha, alivyoamka kutoka usingizini mchana akadhani madirisha yamefungwa. Yule mwanamke alianza kulia kimyakimya, na ikawa wazi kwamba hakutumwa na mtu. Dada akamshika mkono.

"Mimi nilikosea mmea," akasema. "Nilidhani ninaujua. Kesho asubuhi njoo, tutakwenda wote hospitali, nitakaa na wewe kwenye foleni."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, birika mkononi. Nilingoja afike mahali pangu katika habari ile, mahali pa mwalimu aliyesema ndiyo. Akapapita. Nilimimina chai.

Mwanamke alipoondoka nilibaki nakusanya vikombe. Dada alikuwa amerudisha miwani yake.

"Umeniacha nje ya habari yako," nikamwambia.

"Yule ni mgeni," akasema. "Sisi tunajua."

Akainuka, akaweka mkono ukutani, akaenda kuandaa nguo za kwendea mjini kesho yake.